Kidole Changu na Pete ya Baba Watoto

Mpira wa wavu sikuupenda tangu mwanzo, na watu niliocheza nao niliwapenda kidogo kuliko huo mpira. Niliingia kwenye timu ya ofisi kwa sababu daktari aliniambia presha yangu inapanda na makalio yangu yanakaa sana. Hakusema makalio, alisema "maisha ya kukaa," lakini nilimwona alikokuwa anatazama.

Maisha yenyewe yalikuwa ya kukaa kweli. Ofisi ilipohamia Dodoma nilihama nayo, nikapanga nyumba Ipagala, na watoto wakaenda shule za bweni. Mume wangu alibaki Dar es Salaam na duka lake la vipuri vya magari. Tulikubaliana atakuwa anakuja kila mwisho wa mwezi. Miisho ya mwezi ilikuja ikapita. Mwanzoni basi lilikuwa linamuumiza mgongo. Treni ya umeme ilipoanza, tiketi zikawa zinaisha kila anapotaka kukata, ingawa wafanyakazi wenzangu walikuwa wanapanda hiyo hiyo treni kwenda kula pilau la watu wasiowajua. Nilipougua malaria nikalala ndani wiki nzima, jirani ndiye aliyenikorogea uji. Baba watoto alinitumia picha ya maua kwenye simu, na chini yake maneno ya kunitakia asubuhi njema. Nilipoiona ilikuwa saa kumi jioni.

Basi Ijumaa baada ya kazi nikawa naenda uwanjani. Uwanja ni neno la heshima tu. Palikuwa mahali nyuma ya ofisi pamesafishwa miiba, nguzo mbili zimesimikwa kwenye zege ndani ya matairi ya gari, na wavu uliolegea katikati. Upepo wa Dodoma kuanzia saa tisa unajua kazi yake, na vumbi lile jekundu lilituingia mpaka kwenye meno. Mpira ukiupiga mbele unarudi nyuma. Kila mtu akikosea alikuwa anausingizia upepo, hata siku ambazo hakukuwa na upepo.

Kocha wetu alikuwa mhasibu wa ofisi, ambaye pia ni mzee wa kanisa, mtu wa tumbo na firimbi. Aliwahi kucheza chuoni na jambo hilo alikuwa analitaja kila akivuta pumzi. Somo la kwanza lilikuwa kupokea mpira. Unapanua miguu, unakunja magoti, unaunganisha mikono, dole gumba kando ya dole gumba, viwiko vimenyooka, halafu unauacha mpira ugonge sehemu bapa ya mikono juu kidogo ya vifundo. Usiurushe kwa mikono, magoti ndiyo yaunyanyue. Maelezo yalikuwa mazuri, siwezi kumnyima. Alipotuonyesha kwa vitendo mpira ulimgonga puani, akasema ndivyo hasa tusivyotakiwa kufanya.

Niliupokea mpira kwa wiki kadhaa na mikono ikavilia damu mpaka karibu na viwiko. Kwenye kikao cha Jumatatu mkuu wa kitengo aliitazama, akasubiri watu watoke, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani. Nilimjibu kwamba nyumbani hakuna hata wa kunipiga. Alicheka. Mimi sikuwa nimetania.

Kuanzisha mpira kulikuwa balaa jingine. Tulifundishwa kupigia chini, mkono mmoja umeushika mpira usawa wa kiuno, mwingine unatoka nyuma kama wa mtu anayerusha maji ya kuoshea vyombo. Wangu haukuvuka wavu hata siku moja kwa mwezi mzima. Ulipovuka kwa mara ya kwanza, kocha alipuliza firimbi akasema nimekanyaga mstari. Mstari wenyewe ulikuwa umechorwa kwa majivu na upepo ulishaubeba tangu mchana.

Daktari wa timu alikuwa dada wa masjala, Mgogo wa huko Haneti. Hakuna aliyemteua. Alikuwa anatembea na chupa ya mafuta ya kondoo kwenye mkoba, na mtu akianguka tu, kabla hata hajajua kama ameumia, dada ameshapiga magoti mbele yake anapandisha mikono ya blauzi. Kwake hakukuwa na teguko, mvunjiko wala mshtuko. Kulikuwa na mshipa uliohama, na mshipa uliohama unarudishwa kwa kukandwa, basi. Alikuwa na vidole vya mtu aliyekulia kwenye kinu na mchi. Wenye akili zao walikuwa wanaumia kimyakimya.

Mteja wake mkubwa alikuwa kocha. Siku moja aliruka kupiga, akatua juu ya kiatu cha mtu wa upande wa pili, mguu ukapinda kwa ndani. Wavu una kazi ya kutenganisha watu, ila miguu ya timu yetu ilikuwa haijui. Dada wa masjala aliagiza maji ya moto kutoka kantini, akaukanda mguu kwa chumvi na mafuta, kocha analia huku anasema "hapo hapo, hapo hapo." Kesho yake kifundo kilikuwa boga. Kwenye zahanati nesi alimfokea. Mguu ulioteguka unapozwa, haupikwi. Weka cha baridi, funga bandeji, uinue, na siku mbili za mwanzo asiuguse mtu. Kocha alirudi na magongo, akatusimulia yote hayo neno kwa neno. Alipopona alimshukuru dada wa masjala mbele ya timu nzima, kwamba bila yale mafuta sijui ingekuwaje.

Hao ndio watu niliowakabidhi mifupa yangu.

Kuhusu pete nataka nieleze vizuri, kwa sababu baadaye kila mtu alikuwa na namna yake ya kulisimulia jambo hilo. Siku ya kwanza kabisa kocha alitwambia mchezaji haingii uwanjani na pete, saa, hereni wala kucha ndefu. Wanaume wa timu yetu walizivua pete zao kwa wepesi wa mtu anayevua soksi zilizolowa, wakazitumbukiza mfukoni, na wengine sikuziona tena vidoleni mpaka wiki iliyofuata. Mimi yangu ilikataa. Ilikuwa haijatoka tangu siku ya harusi na kidole kilikuwa kimenenepa kuizunguka. Nikauliza kama nikaitoe kwa sabuni.

"Hapana mama, ya kwako iache," kocha akasema. "Pete ya ndoa ya mwanamke haivuliwi ovyo."

"Na ya kwako, mzee wa kanisa?"

"Mimi nacheza mbele. Ni hatari."

Nikaiacha. Nilikuwa namchezea wavu mtu wa aina hiyo.

Ijumaa yenyewe tulikuwa tunafundishwa kuzuia. Unasimama karibu na wavu, mikono juu, vidole umevipanua na umevikaza, unaruka baada tu ya mpigaji kuruka, unaufungia mpira njia usivuke. Kocha alijiweka upande wa pili kuwa mpigaji. Alikuwa anapiga kwa nguvu zake zote, mtu mzima anawapigia mama zake wa ofisini, na kila mpira ukipita anasema "twende!" Uliponifikia mimi niliruka. Sijui niliruka vipi, lakini nakumbuka nilivyomwona usoni kupitia matundu ya wavu, mdomo wazi, na mpira ukagonga mikononi mwangu ukarudi chini miguuni kwake. Watu walipiga kelele. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi mwaka ule wote, na ninasema hivyo bila aibu.

Halafu nikasikia kidole. Mpira ulikuwa umekigonga ncha kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ukakishindilia kuelekea kwenye kiganja.

Nilisema leteni barafu. Nilisema wazi, sauti yangu mnaijua, hata mtu aliye getini anaisikia. Kijana wa mapokezi alienda kwa mama anayeuza barafu za ubuyu pale nje, na hata kabla hajarudi kocha alishakidaka kidole akakivuta ili kirudi. Kirudi wapi, sijui, hakikuwa kimeenda popote. Niliona nyota. Nilipokuwa bado nazitazama, dada wa masjala alishafungua chupa.

"Vumilia, mama, mshipa umepanda juu," akasema, akakikamua kutoka ncha kwenda chini, kwenda chini, damu na uvimbe vyote vikasukumwa kuelekea kwenye pete. Nilipomsukuma kwa mkono wa pili akaniambia wenye uchungu wote husukuma, ni kawaida. Barafu zilipokuja, mbili zilikuwa zimeshanyonywa njiani.

Kufikia hapo kidole kilikuwa kimenona juu na chini ya pete, na katikati pete imezama haionekani vizuri. Ncha ilikuwa inageuka rangi ya zabibu. Nikasema hii pete itoke. Wakajaribu sabuni. Wakajaribu mafuta ya kondoo, yalikuwepo ya kutosha. Nikasema basi ikatwe, na uwanja mzima ukashtuka, wale wale waliokuwa na pete mifukoni.

"Pete ya ndoa haikatwi hivi hivi, mama," kocha akasema. "Ile imebarikiwa madhabahuni. Ngoja nimpigie mchungaji."

Mchungaji alikuwa kwenye mkutano wa injili huko vijijini, simu haipatikani. Kocha akapiga tena. Dada wa masjala akasema kwao mwanamke akikatiwa pete mume akiwa hai ni kumwita kifo. Kwao pete za ndoa zimeanza kuvaliwa juzi tu, lakini mila yake ameshaipata. Walikuwa wamenizunguka wakilijadili jambo hilo kwa utulivu mkubwa, kidole kikiwa ni changu. Niliondoka nikiwa nimevaa raba na fulana ya mazoezi, nikapanda bodaboda mpaka zahanati.

Nesi alikuwa yule yule wa kocha, mama mtu mzima. Nilimwamkia shikamoo, akajibu marahaba huku anakitazama kidole, na mara moja akauliza, "Nani amekikanda?" Akatikisa kichwa. Alichukua uzi wa kushonea, akaupenyeza chini ya pete, akaufunga kidole mzunguko kwa mzunguko kuelekea ncha, akawa anaufungua kwa chini ili pete ipande taratibu. Njia nzuri, na kwa kidole kisichokandwa ingefanya kazi. Pete ilipofika kwenye kiungo ikagoma, na mimi nikapiga ukelele.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Damu haipiti hapa. Pete hii isipotoka kabla ya magharibi kidole hiki unaweza kukikosa. Mimi hapa sina cha kukatia. Nenda kwa sonara mjini sasa hivi aikate, urudi nikufunge."

Nilimkuta sonara anakusanya vitu vyake afunge. Alikuwa na msumeno mwembamba sana na mikono iliyotulia, nikashukuru Mungu. Nikaweka mkono mezani. Akakitazama kidole, akaitazama pete, akaniuliza:

"Shemeji anajua?"

Nikamuuliza shemeji yupi.

"Mumeo, mama. Samahani, lakini mimi nimeshagombezwa sana hapa. Wanawake wanakuja kukata pete, kesho mume anasimama mlangoni na watu. Mpigie tu aseme neno moja nisikie."

Jua lilikuwa limeshafika kwenye mapaa ya maduka ya ng'ambo. Nilimpigia. Aliniitikia mara ya pili, nikaweka sauti ya nje, nikamweleza yote kwa mkato: mpira, kidole, damu haipiti, nesi amesema ikatwe.

"Usikate," akasema mume wangu.

Nilidhani hajanielewa. Nikaanza upya.

"Nimekuelewa, mama watoto. Usikate. Ile dhahabu niliiagiza mimi mwenyewe, ile siyo pete ya dukani. Weka mkono juu, uvimbe utapungua. Nakuja. Kesho nakamata treni ya asubuhi, nakuja kuitoa mwenyewe taratibu."

"Unakuja?"

"Nakuja kesho hiyo hiyo. Tiketi sasa hivi nakata kwenye simu."

Tiketi zilikuwepo. Nilikaa pale kwenye stuli ya sonara, kidole kinadunda mpaka begani, na kitu nilichosikia kwanza hakikuwa hasira. Nilikuwa naionea wivu pete. Ilikuwa imepata kwa dakika mbili kile ambacho mimi na malaria yangu hatukukipata kwa wiki nzima. Hasira ilikuja baadaye, na ilipokuja ilikuja na wenzake. Nikakata simu.

"Umesikia alivyosema," sonara akaniambia, hata hanitazami machoni.

"Nimesikia. Sasa nisikilize na mimi. Hapo jirani yako kuna fundi baiskeli ana msumeno wa chuma. Yeye haulizi. Nikikatwa kidole na fundi baiskeli nitarudi hapa nikae mlangoni kwako niwasimulie wateja."

Akavaa miwani. Alipitisha kipande chembamba cha bati kati ya pete na nyama ili msumeno usinifikie, akawa anakata kidogo anasimama, anadondoshea maji, anakata tena. Iliniuma, lakini si kama mikono ya dada wa masjala. Ilipoachia alikamata ncha mbili kwa koleo akazipanua, na damu ikarudi kwenye kidole kwa kishindo nilichokisikia masikioni. Nililia pale mbele yake kama mtoto. Aliniwekea pete kwenye kikaratasi, akakikunja vizuri.

Nesi alinisubiri ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha. Alikifunga kidole pamoja na mwenzake wa kati, pamba katikati, akanipa kamba ya kuning'iniza mkono. Asubuhi picha ya eksirei ya hospitali ilionyesha mfupa una ufa mdogo. Nesi akaniambia kitapona, lakini kukunja ngumi sawasawa nisikutegemee, kwa jinsi kilivyovutwa. Na ndivyo ilivyo. Mpaka leo kiungo cha katikati ni kinene na kinakunjika nusu. Hakuna pete itakayopita pale.

Baba watoto alifika Jumamosi mchana. Nilimfungulia mlango na mkono wangu umening'inia shingoni, bandeji nyeupe huwezi kuikosa. Alivua viatu, akauliza habari za hapa, akakaa kwenye kochi ambalo alikuwa hajawahi kulikalia.

"Iko wapi pete?"

Nilimletea kikaratasi. Alikifungua magotini, akaitoa, akaenda nayo dirishani penye mwanga. Aliigeuza. Aliipitisha ukucha pale palipokatwa. Alikuwa na uso wa mtu anayetazama gari lake lililogongwa.

"Angekata kwa upande ule mwingine," akasema. "Amekata penye maandishi."

Nikamwambia kidole kina ufa.

"Pole sana," akasema, bado yuko dirishani. "Lakini nani alikutuma kuruka ruka na wavulana kwa umri huu? Si afadhali ungetembea tu." Halafu akasema kuna sonara Kariakoo, fundi kweli, ataiunga na haitaonekana kabisa.

"Iungwe avae nani?"

Akacheka, akadhani natania, kama mkuu wa kitengo alivyodhani siku ile. Nilimpikia ugali kwa mkono mmoja, sufuria nimeibana kwa goti. Alikula akasifu mlenda. Usiku alilala mapema kwa sababu treni ilimchosha, ingawa wanaoipanda wote husema haichoshi.

Jumapili alirudi. Pete aliifunga kwenye leso, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo, kisha akaugusa kwa kiganja kuhakikisha. Nilimsindikiza mpaka getini. Alinishika mkono kuniaga, ule wa kulia, bila kuangalia wa pili.

Jioni nilikuwa nimekaa nje na mkono umeegemea mto, kama nesi alivyoniagiza, simu ikaita. Ni yeye. Nilipokea haraka, nakiri, nikajua anataka kuniuliza ninaendeleaje.

Alinipigia kuniambia pete imefika salama.